Mpiga Picha wa Saa ya Usingizi

Wifi yangu Nibia Sosa alikuwa akipiga picha saa ambayo mtu mwenye akili timamu hatoki nje. Kwetu mjini Mercedes, na katika miji yote midogo ya ng'ambo ya mto, watu wakishakula chakula cha mchana hufunga madirisha kwa vibao vyake, huvua viatu na kulala mpaka jua lipunguze ukali. Maduka hufungwa. Mbwa hulala. Polisi nao hulala, ingawa wenyewe husema walikuwa wanafikiri. Saa hiyo ndiyo Nibia alitundika kamera shingoni, akavaa kofia ya ukindu na kwenda kutafuta mashine zilizokufa.

Mashine zilizokufa ni maneno yangu mimi. Yeye aliziita za zamani. Matrekta ya magurudumu ya chuma, mashine za kupuria ngano zilizosahauliwa chini ya mikaratusi, vichwa vya treni vilivyoachwa relini tangu treni ya abiria ilipokoma, pampu za petroli za kusukuma kwa mkono. Alipiga pia miji iliyojengwa kuzunguka vitu hivyo, ambayo ilibaki palepale baada ya vitu vyenyewe kuacha kufanya kazi. Nyumba za matofali, barabara pana kupita haja yake, kituo cha treni chenye saa isiyotembea. Na hakuna mtu hata mmoja. Katika picha zake zote hutaona mtu.

Chama cha wapiga picha cha mjini kwetu kilimcheka. Mwenyekiti wao, daktari wa meno, alimshika mkono siku moja mbele yangu akamwambia kwa upole wa kuudhi, "Nibia, jua la utosini linaua picha. Huku kweupe, kule kweusi, katikati hakuna kitu. Toka alfajiri. Toka jioni."

"Jioni kuna watu," Nibia akasema.

"Na watu si ndio uhai wa picha?"

"Basi wapige wewe. Unao wengi, na wote wameshafungua midomo."

Alikuwa na sababu yake. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye ofisi ya simu, enzi zile za kuunganisha waya kwa mkono. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, vipokea sauti masikioni, akiwaunganisha watu wa Mercedes na ndugu zao, wadeni wao na wapenzi wao. Alijua nani anamlilia nani. Alijua nani yuko mji wa Dolores na mwanamke huku akimwambia mkewe gari limeharibika. Hakutoa siri ya mtu hata moja, hata kwangu, na mimi nina saluni ya nywele, mahali ambapo siri huingia zenyewe bila kubisha hodi. Mitambo ya kisasa ilipokuja wakamstaafisha, naye akanunua kamera kuukuu ya filamu. "Nimesikia watu wa kutosha," aliniambia. "Sasa nataka kutazama vitu visivyosema."

Mumewe alikuwa mdogo wangu, Heber Urruty. Kwetu tulizaliwa wawili tu, mimi Nélida na yeye. Alikuwa fundi wa matrekta, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, mikono yake haikutakata grisi hata siku ya harusi. Kila Jumamosi alimpakia Nibia kwenye pikapu yake ya bluu wakaenda huko kwenye vyuma vyao. Kuhusu picha hakujua lolote. "Mimi ni dereva wa msanii," alisema akijipiga kifua. "Msanii mwenyewe hajui hata kubadili gia." Mimi sikuwahi kufuatana nao. Jumamosi saluni hujaa.

Heber alifia kwenye mji mdogo wa Paso del Tala, Jumamosi moja ya Januari, ndani ya pikapu yake. Simu ilinifikia jua linazama. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ilikuwa mchana, pengine si muda mrefu baada ya chakula. Nilimsikia daktari akisema hivyo na nikaona kuna shimo katika habari ile. Amekufa mchana. Simu imepigwa jua likizama. Kati ya hapo na hapo, mkewe alikuwa wapi?

Kwenye maziko Nibia hakulia. Alisimama na mkoba wake, nywele hazijachanwa, akamtazama mchimba kaburi ambaye alikuwa anatokwa na jasho, akamwuliza kama amepata maji ya kunywa. Hayo ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema siku ile. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka, kwa niaba yetu sote wawili, na nilipomtazama yeye nilipandwa na hasira.

Watu walipoondoka nikamfuata jikoni.

"Wifi, niambie kitu kimoja. Tangu mchana mpaka jua kuzama ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale."

"Palepale wapi?"

"Pale," akasema, kisha akafungua bomba akaanza kuosha vikombe.

Sikupata zaidi ya hapo. Na ndipo nilipoanza kumwona mdogo wangu kila nikifumba macho: anapiga honi, anaita, anakwaruza mlango, na mkewe yuko huko ameinamia boliti ya kutu akisubiri kivuli kikae sawa. Nilitaka kujua kama aliita. Mengine yote ningeyavumilia. Nilitaka tu kujua kama mdogo wangu aliita na hakuna aliyemwitikia.

Jumamosi iliyofuata, udongo wa kaburi bado laini, Nibia alisimama mlangoni mwa saluni na begi lake la kamera. Nilikuwa na mteja mwenye rangi kichwani.

"Unaweza kuniendesha?" akauliza.

"Kwenda wapi?"

"Njia ya Dolores. Kuna kreni ya reli."

"Kreni," nikasema. "Ya reli."

"Ya mvuke. Watu wanasema wataikata vipande."

Mteja alinitazama kwenye kioo kuona kama nitamrushia kitana. Sikumrushia. Nilimwosha yule mteja rangi yake, nikafunga saluni, nikachukua ufunguo wa pikapu. Usiniulize kwa nini. Au niulize, nitakwambia: nilijua Nibia akibaki nyumbani atanyamaza mpaka kufa, lakini barabarani, kwenye joto, watu wawili ndani ya kibanda cha pikapu, labda neno litamponyoka. Kwa hiyo nikakaa kwenye kiti alichofia mdogo wangu, nikawasha gari.

Nikawa dereva wake. Jumamosi baada ya Jumamosi. Nimeona mashine ambazo sikuomba kuziona. Nimeona kinu cha ngano kilichoota mtini ndani ya bomba lake la moshi, na gari la zimamoto linalolaliwa na kuku. Mimi hubaki kivulini mlango wazi, kibuyu cha yerba, chai yetu chungu, mkononi, chupa ya maji ya moto kwapani, nikilaani jua na waliolileta. Yeye huizunguka mashine polepole, mara ya kwanza bila kamera. Huigusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa. Hang'oi majani, hasogezi jiwe, hafuti vumbi. Halafu anasimama mahali pamoja na kungoja, na mimi sijui anangoja nini kwa sababu hakuna kitakachotokea. Kisha kidude kinalia kachaa, basi, tunarudi.

Siku moja nyuki alimwuma shingoni. Nilimwona kwa macho yangu. Alimtoa kwa ukucha, akamwangalia, akamweka kwenye jani, akaendelea na kazi. Alipopanda garini shingo ilikuwa imevimba.

"Hiyo haiumi?" nikamwuliza.

"Inapaswa kuuma," akasema.

Niliwasha gari. Tulikwenda kitambo, ndipo akasema, kwa sauti ileile ambayo angeniomba nimpe filamu mpya, "Sisikii kitu, Nélida. Nimekufa ganzi mwili mzima. Mkate ni kama karatasi. Naamka, navaa, nakula karatasi. Nilidhani itapita."

Mtu mwema angesimamisha gari. Mimi nilisema, "Mwenye moyo angekuwa analia."

Alilifikiria lile neno vizuri, kama vile nimemwuliza njia. "Labda," akasema.

Msinione katili. Nilikuwa nampikia. Nilikuwa namchana nywele kila Ijumaa, nikamkata ncha, nikampaka mafuta, na kichwa chake kilikaa mikononi mwangu kama kichwa cha mbao. Lakini kila nilipomchana nilikuwa nauliza moyoni, aliita? Alikuita?

Mwezi wa tisa akatujia mtu kutoka Paso del Tala. Wilson Bentancur, katibu wa klabu ya mji, mrefu mwembamba, kofia anaizungusha mikononi kama usukani. Alikataa kukaa, kisha akakaa, kisha akakubali yerba.

"Mji wetu unatimiza miaka mia mwezi ujao," akasema. "Tutakuwa na mwanakondoo wa kuchoma, kinanda, hotuba, hotuba tutaifupisha. Na tunataka picha ukutani, pale ukumbini. Za mji. Tumesikia mama anazo."

"Mmesikia kwa nani?" nikauliza mimi.

"Hatukusikia, tumeona. Mama ametupiga picha miaka."

"Sijampiga mtu picha," Nibia akasema.

Wilson akacheka kwa aibu. "Mama, unadhani wote tunalala? Mwanamke anatembea peke yake barabarani saa ile, kamera shingoni, utalalaje? Tunachungulia kwenye vibao. Kule kwetu unaitwa Bi Jua. Watoto wakikataa kulala tunawaambia, haya, toka nje, uchukuliwe na Bi Jua."

Nilidhani atamfukuza. Nibia akasema, "Sawa," kama mtu aliyeombwa chumvi.

Wilson alipoondoka nilimgeukia. "Paso del Tala? Pale? Utakwenda kutundika picha pale?"

"Wana miaka mia, wifi. Wanataka picha."

"Na wewe huoni kitu?"

"Sioni," akasema. Na nilimwamini, na hilo ndilo lililoniudhi.

Alizisafisha picha mwenyewe kwenye chumba cha kufulia, dirisha limezibwa kwa blanketi. Sikuzitazama. Nilizibeba kwenye maboksi, nikaendesha njia ile ambayo tangu Januari nilikuwa naikwepa, na tukazitundika ukumbini kwenye nyaya, kwa vibanio vya nguo, tangu mlangoni mpaka karibu na jukwaa. Nje wanaume walikuwa wamekwisha kuwamba kondoo kwenye misalaba ya chuma kuzunguka moto. Juu, bendera za karatasi za bluu na nyeupe. Wanawake walikuja wameseti nywele, zingine vibaya sana, lakini walikuwa wameseti.

Waliingia wakicheka. Wakaanza mlangoni, wakasogea, na kadiri walivyosogea kicheko kikapungua. Mlango wa nyumba, umefungwa. Barabara, haina mtu. Duka la mkate, limefungwa. Kituo, uwanja, kanisa, kreni ya magogo, trekta, barabara tena. Jua jeupe la kuumiza macho na vivuli vifupi vyeusi. Nilianza kusikia viatu vyao sakafuni.

"Ni kama tumekufa wote," mwanaume mmoja akasema.

"Kama umepita ugonjwa," mwingine akadakia. "Miaka mia, na huu ndio mji? Sisi tuko wapi?"

"Mimi nimekaa hapa tangu kuzaliwa. Hakuniona hata siku moja?"

Wilson alikuwa anajifuta jasho kwa kofia. Nilingoja Nibia ajitetee, aseme neno, aseme ni sanaa, aseme lolote. Alisimama kando ya ukuta na mkoba wake, vilevile alivyosimama makaburini. Nami nilitaka kuwaambia wale watu, ndiyo, hivyo ndivyo alivyo, ndiyo kwanza mnamjua.

Ndipo mama mmoja mnene, wanamwita Pocha, akasimama mbele ya picha ya mlango, akasogeza pua mpaka karibu iguse.

"Huu ni mlango wangu."

"Ndiyo, Pocha, ni mlango wako, tumeuona," mtu akasema.

"Nilikuwa ndani."

"Ulikuwa ndani lini?"

"Hapa! Tazama kivuli cha paa kilipofika, kimegusa kizingiti. Hiyo ni saa nane. Saa nane mimi nimo ndani, nimelala chali, nguo ya ndani tu na feni miguuni." Akageuka kuwatazama. "Nani anasema sipo? Nipo. Nyuma ya kibao hiki hapa, mkono wa kushoto."

Kikapigwa kicheko. Mzee mmoja akasema afadhali kibao kilikuwa kimefungwa, akapigwa kikumbo na mkewe. Kisha mtu akaenda kwenye picha ya duka la mkate. "Basi hapa Tito yumo, amelala juu ya magunia."

"Tito analala juu ya magunia hata saa ya kazi."

"Mkate wako nani anaukanda, wewe?" Tito akaruka. "Usingizi wangu una jasho!"

"Hapa kwenye kituo?"

"Kituo hakina mtu."

"Kina mtu. Msimamizi hulala kwenye benchi la ndani tangu mkewe amfukuze."

"Hakunifukuza. Nilitoka mwenyewe."

Wakaanza kukimbizana na picha. Huyu anamvuta yule kwa mkono, njoo, hapa ni kwenu, hapa ulikuwa umelala na mafua. Walibishana juu ya vivuli, saa nane au saa tisa, na kama mapacha walikuwa wamekwisha kuzaliwa au bado. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya nyumba ya pembeni akasema, "Hapa mama alikuwa hai," na mmoja wa waliokuwa karibu akamwuliza mama alikuwa analala upande gani, naye akaonyesha kwa kidole. Ukumbi ulijaa watu waliolala. Mimi mwenyewe, kwa hasira zangu zote, nilianza kutafuta katika kila picha ni kibao gani.

Walifika mwisho wa waya, karibu na jukwaa. Hapo palikuwa na picha mbili zinazofanana: injini kubwa ya mvuke ya kupuria ngano, ile iliyoko nyuma ya kinu, magurudumu yamezama nusu ardhini. Injini ileile, kutoka mahali palepale. Katika ya kwanza kivuli kilikuwa kifupi chini ya tumbo lake. Katika ya pili kilikuwa kirefu, kimelala juu ya nyasi.

"Hapa sasa hakuna," Wilson akasema kwa furaha ya mtu aliyeokoka. "Kinu kimefungwa tangu baba yangu kijana. Hapa, waungwana, hajalala mtu."

"Yupo," Nibia akasema.

Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini ni sauti iliyofundishwa kupita kwenye waya, na ukumbi mzima ulimsikia.

"Mume wangu. Yuko nyuma yangu, ndani ya gari, kofia usoni. Yeye alilala kila mara. Jumamosi zote hizo alikuwa anakuja kulala."

Alikuwa anazitazama picha, si watu.

"Hapa," akagusa ya kwanza, "ananikoromea. Alikuwa na koromo baya, dada yake anajua. Nilipomaliza nikarudi garini kuchukua filamu, akawa amenyamaza. Nikafurahi. Nikasema, ah, leo ameshika usingizi mzuri. Alikuwa ameamka alfajiri kutengeneza trekta la watu. Nikafungua mlango taratibu usilie. Nikatoa kibuyu na chupa taratibu. Nikakaa chini ya gurudumu, kivulini, nikanywa yerba. Kivuli cha injini kikahama, kikawa kizuri, nikapiga hii." Akagusa ya pili. "Nikarudi nikakaa. Madirisha yakaanza kufunguliwa. Nikasema, mwache kidogo. Nikasema mwache kidogo tena. Jua lilipokaribia kuzama nikaona baridi itampata, ndipo nikamtoa kofia."

Akaondoa kidole kwenye picha.

"Hakuita," akasema, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Nilikuwa pale. Mtu angeita pale, hata mende angesikia. Hakuita, Nélida. Nilikuwa naangalia asije akaamshwa."

Mimi, mtu wa maneno, mwenye saluni, niliyekuwa nimemtungia hotuba ya miezi tisa, nikabaki nanyoosha kibanio cha nguo kwenye waya.

Aliyesema ni yule mama mnene, Pocha. Alimsogelea Nibia karibu sana.

"Nilikuona," akamwambia. "Siku ile. Dirisha langu la jikoni linatazama kinu. Nilifungua kibao nikakuona umekaa chini na kibuyu chako, na bwana amelala na kofia. Nilikuwa nakaanga maandazi, nikataka kukuletea mawili. Nikamwambia mume wangu, mtazame yule mama, jinsi anavyomlindia mumewe usingizi. Mimi hapa unaniamsha kutafuta soksi." Akamshika Nibia mkono. "Nikasema, nikipeleka maandazi nitamwamsha. Sikuja."

"Hata mimi niliwaona," msimamizi wa kituo akasema. "Nilipita na baiskeli. Nilishuka, nikaisukuma, kwa sababu mnyororo unapiga kelele."

Wakaanza kusema mmoja mmoja. Kumbe nusu ya mji ilipita pale. Kumbe kila mtu alipunguza mwendo, akanyamazisha mbwa, akakanyaga kwa vidole. Mji mzima ulimtunzia mdogo wangu usingizi jioni ile, na yeye hayupo. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya watu wa watu, kwikwi za kuaibisha, na Nibia ndiye aliyekwenda kunitafutia kiti.

"Hata mimi," nikamwambia nilipoweza. "Wifi, hata mimi nisingemwamsha."

"Kweli?"

"Nani angemwamsha? Heber! Ukimwamsha ananuna mpaka kesho yake."

"Mpaka Jumatatu," akasema. Hakulia. Ningependa kukwambia alilia, lakini hakulia. Alisimama kando ya kiti changu, na mtu alipomletea sahani ya nyama akaila akiwa amesimama, na sikuweza kujua kama ina ladha au ni karatasi.

Tuliondoka jua liko chini. Picha tuliwaachia, walisema hawatazitoa, watasimamisha mtu mlangoni ikibidi. Nibia alikaa upande wake, begi mapajani. Tulipoupita mji kidogo akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, macho yakajifunga, akalala. Tangu Januari sikuwa nimemwona amelala. Nadhani hakuwa akilala.

Kwetu mtu aliyelala haamshwi. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kusalimia. Nilizima redio. Nikaendesha polepole, nikikwepa mashimo. Nikamtazama. Barabara haikuwa na mtu, mashamba ya soya huku na huku, na yeye mdomo wazi kidogo, kimya kabisa. Hakuwa anakoroma. Nikaendesha tena, nikamtazama tena, kisha nikasimamisha pikapu kando ya barabara, nikamtikisa bega kwa nguvu zangu zote.

"Nini!"

"Hakuna kitu."

"Tumefika?"

"Bado."

Alinitazama. Akatazama mkono wangu, ambao ulikuwa bado umemshika bega na haukutaka kuachia.

"Niko hai, wifi," akasema.

"Vizuri. Lala."

Akalala. Tulipokaribia daraja nikamwamsha mara ya pili, na safari hii akanitukana.